Pumba Wanafaidi Kuku

Wengi wetu tukipeleka mahindi mashineni tunakoboa kwanza, maana twapenda ugali mweupe. Pumba tunawaachia kuku. Kumbe humo mna nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga.

Ziko aina mbili. Nyingine haziyeyuki katika maji. Hizi zimo katika dona, ulezi na mboga za majani. Hufanya choo kiwe laini, kitoke bila kujikamua. Anayejikamua kila siku anajitafutia bawasiri. Nyingine huyeyuka, zikawa kama uji mzito tumboni. Tunazipata katika maharage, kunde na nyama ya chungwa (siyo kufyonza maji tu na kutupa!). Hizi huchelewesha sukari kuingia katika damu, kwa hiyo zinamfaa mwenye kisukari.

Daktari Denis Burkitt alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi kuanzia 1946. Baadaye aliandika kwamba wanavijiji wa Afrika, kwa chakula chao kisichokobolewa, hawakusumbuliwa sana na kufunga choo kama watu wa Uingereza.

Dona huharibika upesi kuliko sembe, basi tusage kidogo kidogo. Tuanze polepole, na tunywe maji ya kutosha.