Pembe Moja, Maana Tatu: Somo Kutoka Meza ya Pool

Wiki hii tunawaweka kando sungura na fisi, tunakwenda kwenye meza ya pool. Najua wapo wazazi ambao wameshakunja uso. Someni kwanza, tutabishana baadaye.

Tuanze na neno moja: pembe. Kama mna kamusi nyumbani, ifungueni. Pembe ni kile kinachoota kichwani mwa mbuzi na ng'ombe, na pia ni lile jino refu la ndovu. Pembe ni kona, kama tunaposema pembe ya chumba. Na katika hesabu, pembe ni uwazi uliopo kati ya mistari miwili inayokutana, ndiyo maana umbo lenye pembe tatu tunaliita pembetatu.

Sasa itazame meza ya pool. Ina mashimo sita, na manne kati yake yako kwenye pembe za meza. Kabla ya mchezo kuanza, mipira hupangwa ndani ya fremu ya pembetatu. Mchezaji anayetaka kuingiza mpira shimoni lazima akadirie pembe ya kuupiga. Na zamani mipira yenyewe ilichongwa kutoka pembe za ndovu. Hapo ndipo mchezo huu unapopita nyumbani kwetu.

Mama wa pool ni biliadi, mchezo wa Ulaya uliochezwa kwanza nje, kwenye nyasi. Katika karne ya 15 uliingizwa ndani na kuwekwa juu ya meza, na kitambaa cha kijani kikachukua nafasi ya nyasi. Mwanzoni mipira haikupigwa kwa fimbo nyembamba kama leo, ilisukumwa kwa kifaa chenye kichwa kipana. Fimbo ilikuja baadaye, na mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa François Mingaud akaonyesha jinsi ncha ya ngozi inavyoweza kuuzungusha mpira upendavyo: uende mbele, urudi nyuma, au ujipinde njiani. Wachezaji walipoanza kutaka mpira unaotii kiasi hicho, mipira ya mbao na ya udongo haikutosha tena. Walitaka pembe, kwa sababu ni ngumu, nzito kiasi, na ikigongana na nyenzake inaruka vizuri bila kuvunjika.

Wapi pa kuipata? Katika karne ya 19 jibu moja kubwa lilikuwa Zanzibar. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu kutoka mji wa Salem, Massachusetts, zikawa zinatia nanga Unguja mara kwa mara. Zilileta kitambaa cha pamba, kile ambacho mpaka leo Kiswahili kinakiita merikani kwa sababu ya kule kilikotoka. Zilirudi na karafuu, sandarusi, ngozi na pembe. Pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa kuwa laini kuchonga. Huko ng'ambo ziligeuka vitana, vitufe vya piano na mipira ya biliadi.

Pembe hazikutembea zenyewe. Zilibebwa mabegani kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wengi wa wabebaji walikuwa wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, watu waliojivunia kazi hiyo na kuijua. Wengine walikuwa watumwa, na hawakulipwa chochote. Mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar na kufia huko mwaka 1905. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yamechapishwa. Wanafunzi wa darasa la juu wanaweza kuyasoma, mradi wakumbuke kwamba huyo ni mwenye mali anayesimulia, naye mbebaji hakupewa kalamu.

Hili tuliseme wazi, hasa sisi tunaoishi huku Ghuba. Kati ya familia zinazoleta watoto katika madarasa ya Kiswahili, zipo ambazo mababu zao walikuwa upande wa wenye misafara, na zipo ambazo mababu zao walikuwa chini ya mzigo. Nyingine zina damu ya pande zote mbili. Mtoto akiuliza, ajibiwe. Akinyamazishwa leo, atatafuta jibu kwa mtu ambaye hata hatujui ni nani.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Pembe moja ilitoa mipira mitatu hadi mitano tu, kwa sababu mpira mzuri ulitakiwa kuchongwa katikati kabisa ya pembe ili uzito wake usiegemee upande mmoja. Seti ya pool ina mipira 16, yaani 15 yenye namba na mmoja mweupe. Kama seti yote ingekuwa ya pembe, na kila pembe ikatoa mipira minne, zingehitajika pembe ngapi? Ndovu wangapi? Andikeni jibu kwa maneno, si kwa tarakimu.

Wenye viwanda nao waliona pembe inakuwa ghali. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York iliyotengeneza meza za biliadi ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi yake. John Wesley Hyatt akajaribu na kujaribu, na mwaka 1869 akapata selulosi iliyogeuzwa kuwa plastiki, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Ilikuwa na kasoro ya kuchekesha: ilishika moto upesi. Hyatt mwenyewe alisimulia kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa mipira hiyo ikigongana kwa nguvu hulia kama bastola, na kila ikilia, wanaume wote chumbani huchomoa bastola zao. Karne ya 20 ikaleta plastiki ngumu zaidi, za jamii ya bakelaiti, na za namna hiyo ndizo mnazoziona mezani leo. Kwa hiyo mnaposhika chupa ya maji au kalamu, kumbukeni kwamba hadithi ya plastiki ilipitia kwenye meza ya biliadi.

Je, plastiki ilimwokoa ndovu? Hapana. Piano na mapambo viliendelea kumla. Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma moto tani 12 za pembe jijini Nairobi ili dunia ione, na mwaka huohuo nchi nyingi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya mataifa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizodai marufuku hiyo. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kati ya mpira wa Hyatt na moto ule.

Tugeukie jina la mchezo. Neno pool, kwa maana yake hapa, ni fedha zilizochangwa pamoja na watu wanaocheza kamari. Akina mama wanaocheza upatu wanaelewa wazo la kuchanga, ila katika upatu kila mtu hupata zamu yake, na katika kamari wengi huondoka mikono mitupu. Huko Marekani, nyumba za kubeti mbio za farasi ziliweka meza za biliadi ili wateja wapitishe muda wakisubiri matokeo. Jina la kamari likahamia kwenye meza. Kwa hiyo sifa mbaya ya pool ni ya tangu zamani, na ilitoka kwenye chumba kabla ya kutoka kwenye mchezo.

Mchezo wenyewe umebadilika sana. Kwa miongo mingi mabingwa wa Marekani walicheza namna ya kuingiza mpira wowote, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Mwaka 1954 Willie Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo huko Springfield, Ohio. Fikirieni mpinzani wake, amekaa kitini tu! Baadaye televisheni ilitaka mchezo wa haraka, na mchezo wa mipira tisa ukapanda chati. Sheria zake pia zikakazwa: ukikosea, mpinzani anauchukua mpira mweupe kwa mkono na kuuweka popote apendapo. Kosa moja linaweza kukugharimu mchezo mzima.

Nyumbani Afrika Mashariki, biliadi na snuka vilikuja na Waingereza, na vikabaki ndani ya klabu ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa amebeba sinia. Meza ndogo za kutumbukiza sarafu ndizo zilizoutoa mchezo huko na kuupeleka baa, vibandani na pembeni mwa vituo vya mabasi. Ukisema pool leo Mwanza au Kampala, watu wanafikiria meza hizo. Tanzania imekuwa na mashindano ya taifa ya Safari Pool, yaliyodhaminiwa na kampuni ya bia, jambo ambalo halikusaidia kuwatuliza wazazi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool saa za kazi. Wapo waliomwunga mkono, na wapo waliouliza kazi yenyewe iko wapi.

Na hapa Qatar? Kuanzia 2010 hadi 2019 mashindano ya dunia ya mipira tisa yalifanyika Doha, mwendo mfupi tu kutoka Wakrah. Mabingwa wake walitoka Ufilipino, Japani, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Taiwan, Austria na Urusi. Wachezaji waliovaa nadhifu, ukumbi mkimya, mwamuzi mwenye glavu. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda baa yuko sawa, nami namwunga mkono. Ila mtoto anayependa mchezo huu anajifunza pembe, subira na kupanga mambo matatu mbele, sawa kabisa na babu yake kwenye bao. Kama meza haipatikani, keram inatosha: mashimo manne ya pembeni, kete, poda kidogo, na kidole badala ya fimbo. Wazanzibari wanaicheza barazani, na majirani zetu Wahindi hapa Wakrah wanaicheza pia. Mwombeni mmoja awafundishe.

Kazi ya nyumbani. Tungeni sentensi tatu, kila moja ikitumia pembe kwa maana tofauti. Kisha chunguzeni sentensi hii: "Pembe za ndovu mkubwa zilibebwa na wapagazi wawili." Kwa nini tunasema zilibebwa, lakini mkubwa? Andikeni sentensi hiyo upya kwa pembe moja na mpagazi mmoja, na mwangalie kipi kinabadilika na kipi kinabaki. Mwisho, mwulizeni babu, bibi au mzee yeyote kwa simu: zamani mtaani kwenu mlicheza nini jioni, na nani hakuruhusiwa kucheza? Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni ya Kipemba, Kimvita au Kingazija, mje nalo darasani.