Kabla ya viatu, tuongee maji

Basi mdogo wangu wa Muscat, umeniandikia kwamba wewe na mashoga zako mnataka kuitumia Ijumaa na Jumamosi kwenye makorongo ya Milima ya Hajar, mabegi mgongoni, mkalale huko huko. Ukaniuliza viatu. Vaa vyovyote vyenye soli inayoshika mwamba, ilimradi umeshavizoea na havikuchubui. Viatu vimekwisha, sasa tuongee maji.

Hesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku, hata Januari. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo siku mbili ni kilo nane kabla hujatia kopo la jodari wala tende. Ndiyo maana kwa safari ya kwanza nawashauri Jebel Shams, juu ya Wadi Ghul. Gari linafika hadi kijiji cha Al Khitaym, basi maji ya akiba yanabaki garini. Lalani huko juu Ijumaa, mbali na ukingo tafadhali, maana ukuta wa korongo unashuka karibu mita 1,000. Jumamosi alfajiri mkishasali, shikeni njia ya W6 inayopita ubavuni mwa jabali. Fuateni mistari ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa kwenye mawe. Inawafikisha As Sab, kijiji kilichohamwa, nyumba zake za mawe zimejibanza chini ya mwamba. Kwenda na kurudi ni saa chache tu, lakini anayeshikwa na kizunguzungu akiwa juu asilazimishwe. Abaki na wa kumpa kampani.

Maji nunueni Alhamisi usiku. Mkitegemea kununua njiani Ijumaa mchana mtakuta maduka yamefungwa kwa ajili ya sala. Chukueni na pakiti za ORS kutoka duka la dawa, kwa sababu ukitoka jasho sana chumvi nayo hupotea, na maji matupu hayatoshi.

Na baridi je? Wengi hufungasha kwa kuangalia jua la Muscat. Kule juu usiku wa Desemba unatetemeka hasa. Kanga beba mbili, za kujitanda, kujifutia na kukalia, ila usije ukasema ndiyo blanketi.

Sasa linalonitia hofu. Najua mkirudi salama mtataka safari ya pili iwe ndani ya wadi yenyewe, chini kwenye changarawe. Milima ile ni mawe matupu, udongo kidogo, hivyo mvua haizami. Yote inateremka kwa kasi na kukusanyika kwenye upenyo mmoja, na wewe umesimama hapo chini ya anga la buluu. Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope Canyon, Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Hapo Oman kwenu, Aprili 2024 mafuriko yaliua watu, wanafunzi wakiwemo. Kwa hiyo angalia utabiri wa milima yote, si wa pale mnapokwenda tu. Kabla ya kutandika, tazama kuta na vichaka: ukiona makuti, vijiti na mifuko ya plastiki imenasa juu ya kichwa chako, maji yalifika pale. Lala juu zaidi ya hapo. Maji yakianza kubadilika kuwa ya tope, au ukisikia ngurumo isiyokatika, panda juu saa ile ile na begi liache. Na dereva wenu asijaribu kuvuka wadi inayotiririka, hata akiwa na gari la aina gani.

Kwa mama, sema kweli. Mwachie jina la njia, namba ya gari na saa ya kurudi, kisha mpatane kwamba ikifika saa mbili usiku Jumamosi hajasikia sauti yako, apige 9999. Makorongoni simu hukosa mtandao, na mama asiyejua mpango atapiga kabla ya adhuhuri.

Limebaki neno la mbuzi wa Al Khitaym. Hao hawana haya, watafungua mfuko wa mkate mbele ya macho yako, kwa hiyo chakula kikae garini. Na binamu yenu uliyeniandikia kwamba anataka kuja na spika, mwambieni aiache nyumbani, na nafasi yake begini atie katoni ya maji.