Kutisha si kutishia: vitenzi vya Kiingereza vya kutia hofu

Chukua sentensi hii fupi: "Yule bwana alinitisha." Tuseme ni maneno ya mvuvi wa Mkokotoni aliyekwenda kutoa maelezo polisi, na sasa yanatakiwa kwa Kiingereza. Mfasiri akiandika "frightened", huenda yule bwana alitokea tu gizani bila nia mbaya. Akiandika "threatened", amemtaja kuwa mtu aliyeonesha nia ya kudhuru, na hilo laweza kumfikisha mahakamani. Kwa hiyo tuvitofautishe vitenzi hivi.

1. "Frighten" na "scare": kutisha, kuogofya. Mtendaji aweza kuwa mtu, mnyama au kitu, na si lazima awe na nia. "Scare" ni cha mazungumzo zaidi. Kikifuatwa na "away" maana yake ni kufukuza kwa kutisha, kama wafanyavyo wanaoamia ndege mpungani.

2. "Startle": kushtua, kugutusha. Hofu yake ni ya ghafla na hupita upesi. Samaki akirukia ndani ya mashua iendayo Tumbatu, abiria watakuwa "startled".

3. "Alarm": kutia wasiwasi kwa kuashiria hatari. Asili yake ni Kiitaliano, mwito wa kuwaita askari washike silaha. Habari ya upepo mkali huwa "alarming" kwa wenye vyombo.

4. "Terrify": kutia hofu kuu. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "terrere", kutisha. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulipotoka Pemba hadi Unguja, watu walikesha nje kwa makundi. Hapo "frightened" haitoshi.

5. "Threaten": kutishia. Hiki chaeleza tendo la anayetishia, si moyo wa anayetishiwa. Mtu aweza kutishiwa asiogope hata kidogo. Jirani yake ni "intimidate", kutoka Kilatini "timidus", mwoga: kumtia mtu woga ili afanye jambo au aliache, mathalani shahidi anyamaze. Basi mfasiri wa yule mvuvi asikisie. Amuulize kwanza: alikuambia nini, alikufanyia nini?

Angalia pia miisho. "I am frightened" ni "nimeogopa", lakini "I am frightening" ni "mimi natisha". Kanuni ni hii: "-ed" humhusu anayeingiwa na hofu, "-ing" humhusu anayeitia au kitu kinachoitia.

Zoezi. Tafsiri kwa Kiingereza, kisha eleza kwa nini umechagua kitenzi hicho:
a) Ngurumo ilimshtua mtoto.
b) Alimtishia mwenzake kwa kisu.
c) Bahari ya leo inatisha.
d) Walimtia woga shahidi asiende mahakamani.

Majibu: a) "startled", b) "threatened", c) "frightening", d) "intimidated". Ukikosea b, rudia sehemu ya tano kabla ya kuendelea.