Kila Mradi na Mpango Wake wa Taarifa

Bomba likipasuka ndani ya ukuta wa zahanati, fundi huhitaji ramani ya jengo lilivyojengwa, si lilivyochorwa kabla ya zabuni. Akiikosa, hubomoa ukuta akilitafuta.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka wa 2018, humtaka mwenye mradi aeleze mapema taarifa anazohitaji, za kazi gani na lini. Wajenzi hujibu kwa mpango unaotaja nani atatayarisha nini na faili zitahifadhiwa wapi.

Kosa la kawaida ni kunakili mpango wa mradi mwingine na kubadilisha jina tu. Barabara ya changarawe huhitaji vipimo vya mitaro na makalvati. Zahanati huhitaji njia za maji na umeme. Kudai mchoro wa kidijitali wa kila kitasa cha mlango wa zahanati ndogo ni kupoteza pesa za umma.

Wakazi walio katika kamati za miradi wanaweza kuuliza hivi kabla ujenzi haujaanza: ramani za mwisho zitakabidhiwa idara gani, na je, zitafunguka kwenye kompyuta za idara hiyo? Mwanakandarasi akishalipwa na kuondoka, kumpata tena ni shida.