Nyumba ya Bei Nafuu Karibu na Steji: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Dipoziti



Kuna aina moja ya simu ambayo hatupendi kuipokea, kwa sababu inapotufikia huwa tumeshachelewa. Mtu amepata kazi Kisii mjini. Ameona bedsita kwenye Facebook: vigae sakafuni, maji ndani, hatua chache kutoka steji, kodi shilingi 4,000. Anaambiwa watu wengine watatu wanaitaka, kwa hivyo atume dipoziti leo ashikiwe. Anatuma. Jumamosi anafika na godoro kwenye boda, halafu mwenye ploti anamwangalia na kumwambia: "Kijana, hapa hakuna nyumba tupu. Na huyo unayemtaja simjui."

Hapo ndipo tunapigiwa simu turudishe pesa. Na mara nyingi hatuwezi.

Somo la leo lina sehemu mbili. Kwanza, jinsi ya kujua kama nyumba kweli ni ya bei nafuu. Pili, jinsi ya kulipa bila kupoteza pesa yako. Tunazifundisha pamoja kwa sababu tapeli humnasa kwa urahisi yule asiyejua bei halisi ya kile anachotafuta.

1. Anza na steji, sio na picha

Kisii mjini ni njia panda. Barabara ya Kisumu inapitia Mosocho. Ya Migori inapitia Suneka. Ya Sotik inapitia Keumbu na Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Kuna ya Kilgoris, na kuna ile ya Nyamira inayoendelea hadi Chemosit. Magari ya kila upande yana mahali pake pa kupakia, na mtu akikuambia nyumba iko "karibu na steji", swali lako la kwanza liwe: steji ya kwenda wapi?

Kama kazi yako iko Kisii Teaching and Referral Hospital, unataka nyumba unayoweza kutembea kutoka hospitali hata ukimaliza zamu usiku. Kama kazi iko katika ofisi za kaunti Nyamira, nyumba ya katikati ya Kisii haikusaidii sana ikiwa kila asubuhi unavuka mji mzima kufika gari la Nyamira. Wewe huenda utapata nafuu ukitafuta Nyamira kwenyewe, au kwenye vituo vilivyo kando ya barabara hiyo.

Usisahau vilima na mvua. Huku kwetu mvua hainyeshi msimu mmoja ikaisha. Inanyesha karibu mwaka mzima. Njia ya dakika kumi wakati wa jua inaweza kuwa ya boda wakati wa matope, na boda ni pesa.

2. Kodi sio bei ya nyumba

Bei ya nyumba ni kodi, nauli na maji kwa pamoja. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka zako.

Nyumba ya kwanza iko mjini, unatembea hadi kazini.
Kodi: 7,500
Nauli: 0
Maji ya kununua, mitungi 2 kwa siku kwa shilingi 20, siku 30: 1,200
Jumla: 8,700

Nyumba ya pili iko Suneka, maji yako kwenye ploti.
Kodi: 4,500
Nauli, 60 kwenda na 60 kurudi, siku 26: 3,120
Boda kutoka barabarani, jioni 8 za mvua kwa shilingi 50: 400
Jumla: 8,020

Umeona? Ukiangalia kodi peke yake, Suneka inakuokolea shilingi 3,000. Ukijumlisha yote, inakuokolea 680. Sasa tuseme nauli imepanda kwa shilingi 20 kila safari. Hiyo ni 1,040 zaidi kwa mwezi, na nyumba ya Suneka inafika 9,060. Ile ya "bei rahisi" imekuwa ghali kuliko ya mjini.

Nauli hupanda kwa sababu unazozijua: mvua, jioni wakati watu ni wengi, na Desemba watu wakirudi nyumbani. Pia kuna bei ya mafuta, ambayo EPRA huitangaza upya tarehe 14 ya kila mwezi. Kwa hivyo kama bajeti yako inategemea matatu au Probox mara mbili kwa siku, acha nafasi ya nauli kuongezeka.

Lakini angalia tena nyumba ya kwanza. Ungepata nyingine ya 7,500 mjini yenye maji ya uhakika, jumla yako ingekuwa 7,500 tu, chini ya zote. Swali moja la maji lina thamani ya shilingi 1,200 kila mwezi. Mara nyingi linaokoa pesa kuliko kubishana na mwenye nyumba akupunguzie kodi ya 300.

3. Nenda ukaione, mara mbili

Nenda mara ya kwanza asubuhi saa ile ungekuwa unaenda kazini. Simama stejini uone gari linachukua muda gani kujaa. Rudi mara ya pili jioni baada ya giza kuingia, ikiwezekana siku ya mvua. Uone kama njia ina taa, kama magari bado yapo, na bei ya boda saa hiyo ni ngapi.

Ukifika kwenye ploti, ongea na wapangaji kabla ya kuongea na msimamizi. Ukikuta mama anafua, msalimie vizuri kisha muulize:

"Mama, maji ya mfereji hapa hufika siku ngapi kwa wiki?" Kampuni ya maji ya huku ni GWASCO, lakini anayejua mfereji wa ploti hiyo ni anayeutumia.

"Mita ya stima ni ya kila mtu, au mmeunganishwa?" Mita ya pamoja inamaanisha tokeni za kuchangia, na ugomvi wa kuchangia pia.

"Kodi mnalipa kwa namba gani, na hutokea jina la nani?" Hili ndilo swali kuu. Usiondoke bila jibu lake.

"Waliohama walirudishiwa dipoziti?"

Ukiwa na mgeni wako wa karibu au jamaa anayeishi mjini, nenda naye. Macho manne huona zaidi. Na ukiombwa pesa ya "kuonyeshwa nyumba" kabla hujaona hata geti, kataa. Ajenti wa nyumba wa kweli anatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533. Muulize namba yake ya usajili. Akikasirika, umeshapata jibu.

4. Siku ya kulipa

Hapa sisi tunasema kwa uhakika, kwa sababu ni kazi yetu. Jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kukamilisha muamala linakuambia pesa inaenda kwa nani. Halikuambii nyumba ni ya nani. Mfumo wetu unaweza kuthibitisha jambo la kwanza tu. La pili ni lako.

Kwa hivyo fuata hatua hizi kwa mpangilio:

Moja, lipa ukiwa umesimama ndani ya nyumba, mlango umefunguliwa kwa ufunguo, sio kwa maelezo ya simu.

Mbili, jina litakalotokea lifanane na lile walilokutajia wapangaji, na lile lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya shemeji, yangu ina shida", simamisha hapo hapo. Shida ya simu yake isiwe shida ya pesa yako.

Tatu, kama ploti ina Paybill, itumie, na kwenye namba ya akaunti weka namba ya nyumba yako. Rekodi itaonyesha pesa ilikuwa ya nyumba gani. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, rekodi inaonyesha tu kwamba ulimtumia mtu pesa. Inaweza kuwa ya kodi, inaweza kuwa ya mbuzi. Basi mwandikishe karatasi hapo hapo: kiasi, tarehe, namba ya muamala, "dipoziti" kiasi gani na "kodi ya mwezi wa kwanza" kiasi gani, halafu mtie sahihi wote wawili.

Nne, tenganisha miamala. Tuma kodi peke yake na dipoziti peke yake. Ukihama baada ya miaka miwili, hutabishana ni ipi ilikuwa ya kurudishwa.

Tano, usifute meseji. Piga picha ya skrini, jitumie kwenye barua pepe au mtumie mtu unayemwamini. Simu huibiwa, simu huanguka majini.

5. Ikiwa mambo yameenda mrama

Kuna makosa mawili ambayo watu huyachanganya.

Kosa la kwanza ni kutuma kwa namba isiyo sahihi. Hapo fanya haraka. Kama ulitumia M-Pesa, tuma ile meseji ya muamala kwa 456 kuomba pesa irudishwe. Ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, una nafasi nzuri. Ikiwa ameshaitoa, nafasi hiyo inapungua sana.

Kosa la pili ni kutuma kwa namba uliyotaka kutuma, halafu ukagundua ulidanganywa. Hapo muamala wenyewe haukuwa na kosa. Ombi la kurudisha pesa halikuundwa kwa hali hiyo, na ndiyo maana tulisema mara nyingi hatuwezi. Toa taarifa kwetu mara moja hata hivyo, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na meseji ya muamala, tangazo uliloliona na mazungumzo yenu ya WhatsApp. Hakikisha umepewa namba ya OB. Meseji za utapeli kwenye Safaricom unaweza pia kuzituma kwa 333.

Na kama nyumba ilikuwa ya kweli lakini mwenye nyumba amekataa kurudisha dipoziti? Huyo sio tapeli wa simu. Hilo ni deni. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Ulizia kwenye mahakama iliyo karibu nawe. Na kwa nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kusikiliza migogoro ya mpangaji na mwenye nyumba. Kote huko utaulizwa ushahidi. Ile karatasi na zile meseji ulizotunza ndizo zitakazokusemea.

Zoezi la wiki hii

Chukua karatasi. Andika nyumba mbili unazozifikiria, au ile unayoishi sasa na moja unayoitamani. Kwa kila moja andika kodi, nauli ya mwezi, boda za mvua, maji na stima. Jumlisha. Kisha ongeza shilingi 20 kwenye kila safari ya matatu ujumlishe tena. Nyumba inayobaki ndani ya uwezo wako mara zote mbili ndiyo ya bei nafuu kwako.

Halafu mtu akikupigia kesho akisema watu watatu wanaitaka, mwambie kwa upole: "Sawa ndugu, Jumamosi nakuja kuiona. Ikichukuliwa kabla sijafika, haikuwa yangu." Nyumba nyingine itapatikana. Dipoziti uliyotumia mtu usiyemjua ni vigumu kupatikana tena.