Kabla ya Kuingia Matopeni, Amueni Nani Atapanda wa Mwisho

Marafiki wakiamua kukimbia mbio za matope na vikwazo, kwanza huulizana nani ana mbio na nani ana pumzi. Muhimu zaidi ni kuulizana: tukifika kwenye ukuta, nani atapanda wa mwisho?

Sisi watano tulijisajili Uingereza bila kulijadili hilo. Kwenye ukuta wa mbao tukasaidiana kwa bidii mpaka wanne tukawa juu, na chini amebaki shemeji yangu, mfupi kuliko sote, mikono ameinyoosha haifiki popote. Watu tusiowajua ndio waliompandisha. Uso wake wa dakika zile sijausahau, na ndiyo maana nasisitiza mpange mapema.

Chagueni kwanza mbio zinazowafaa. Michezo hii ilianza Uingereza mwaka 1987 na Tough Guy, shambani karibu na Wolverhampton, kisha mwaka 2010 Marekani ikazaa Tough Mudder na Spartan Race. Hizi mbili hazifanani. Spartan hupima muda, na hata ile fupi yake, Sprint, ina kilomita 5 na vikwazo 20. Mbio za kawaida za Tough Mudder hazitangazi mshindi, na anayekimbia huahidi kuwasaidia wenzake. Kwa kikundi kinachoanza, ningechagua hizo, umbali mfupi, tena bila kusita.

Jipeni wiki nane. Kukimbia peke yake hakutoshi, kwa sababu mikono ndiyo huchoka mapema. Mara mbili kwa wiki ning'inia kwenye chuma cha uwanja wa michezo, au tawi imara la mwembe, mpaka vidole vianze kuachia, pumzika, rudia. Ukikimbia, simama kila baada ya dakika chache, lala chini, tambaa hatua kadhaa, inuka uendelee. Huko kulala na kuinuka ndiko kunakokata pumzi siku yenyewe.

Sasa ukuta. Atangulie mwenye nguvu na wepesi wa kupanda. Akifika juu aukalie kama mpanda punda, mguu mmoja kila upande. Chini, mmoja auegemee ukuta kwa mgongo, magoti yamekunjwa kidogo, vidole vya mikono miwili vimepachikana, viwe ngazi. Anayepanda aweke mguu pale, kisha begani. Asikanyage shingo wala uti wa mgongo, na akihitaji kukanyaga paja, akanyage karibu na nyonga, mbali na goti. Wafupi na wazito wapande katikati, wakati bado kuna watu juu na chini. Wa mwisho awe mrefu anayeruka vizuri. Wawili wamsubiri juu, naye akimbie hatua tatu, apige mguu ukutani, wamdake. Shikaneni vifundo vya mikono, maana viganja vyenye tope huteleza. Mmoja ahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu!", ili nguvu zije pamoja. Kushuka upande wa pili, geukia ukuta, ning'inia, ndipo ujiachie. Kuruka kutoka juu kumevunja vifundo vingi vya miguu.

Mavazi hayahitaji gharama. Acheni jinzi na fulana za pamba, kwani zikilowa huwa mzigo. Taiti, fulana ya nailoni na soksi ndefu vinatosha. Raba ziwe za zamani lakini soli bado zina meno, na kamba zifungwe mafundo mawili. Pete ibaki nyumbani: ikinasa unaponing'inia, inaweza kuuchana kidole vibaya sana.

Majini, usitangulize kichwa hata siku moja, kwa sababu tope halioneshi kina. Kwenye tangi la barafu mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, kwa hiyo ingia polepole, toa pumzi taratibu, na usizamishe kichwa kabla kifua hakijatulia. Nyaya za umeme zipo kwenye baadhi ya mbio. Mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa, na mjamzito pia, azipite pembeni, na wenzake wapite naye ili asitembee peke yake.

Funga mdomo matopeni. Hili si suala la kuchukia uchafu. Oktoba 2012 huko Nevada, washiriki wa mbio zilizopita kwenye ranchi ya ng'ombe waliugua tumbo kwa bakteria wa kampilobakta. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 22, na kumeza maji ya matope kulihusishwa na ugonjwa. Beba maji safi ya kusukutua, na usile chochote kabla ya kunawa.

Mkimaliza, baridi huingia haraka kuliko mnavyodhani. Muwe na nguo kavu hadi za ndani, taulo, chai ya moto kwenye chupa na mifuko ya plastiki ya kutandika kwenye viti vya gari. Osheni kila mchubuko kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo. Na kama ndani ya mwezi mmoja yeyote kati yenu atapata homa na maumivu ya misuli, aende hospitali na amwambie daktari waziwazi kwamba aliogelea matopeni, kwa sababu homa inayoenezwa na mkojo wa panya na mifugo hupatikana humo, na daktari asiyeambiwa huenda asiipime.