Ushauri: Trela Likikusukuma Mteremkoni

*“Mzee wangu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Koyonzo na mke wangu na watoto 2. Nina Vitz ya cc 1000. Kila likizo watoto huniuliza tutaenda wapi, na hoteli siziwezi. Nimeamua nijenge trela dogo la kulala, livutwe na gari langu, tufike msitu wa Kakamega na siku moja Ziwa Nakuru. Fundi wa jua kali pale Mumias amenichorea la futi 10 kwa 6: vyuma vya pembe, mabati nje, vitanda vya watu 4 na jikoni nyuma. Ekseli atatoa kwenye pikapu kuukuu. Anataka shilingi 95,000, nami nina 110,000 za mgao wa chama. Mke wangu hataki. Yeye ni binti wa dereva wa trekta la miwa, na kila nikimweleza ananiuliza jambo moja tu: ‘Na likikusukuma mteremkoni?’ Nimechoka kubishana. Nianze au niache?” — W.M., Koyonzo, Matungu*

Mwanangu W.M.,

Barua yako imenifurahisha. Baba anayekosa usingizi kwa sababu watoto wameuliza likizo tutaenda wapi, nyumba yake iko salama. Na unachokitaka si upuuzi. Kule Marekani watu wa kawaida walianza kujijengea vibanda vya kulala vya kuvutwa na gari katika miaka ya 1930, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha michoro ili mtu ajijengee mwenyewe nyumbani. Vingi vilikuwa futi 4 kwa 8, kwa kuwa ndicho kipimo cha plaiwudi. Plaiwudi unayoikuta leo kwenye maduka ya vifaa Mumias ni ya kipimo hicho hicho.

Kwa hiyo siwezi kukwambia uache. Lakini trela alilokuchorea fundi wako lisijengwe.

Mama watoto ameuliza, hajakataa

Umeandika kana kwamba mkeo anakuzuia. Mimi katika barua yako nzima sikuona swali lenye uzito kuliko lake. Mtoto wa dereva wa trekta la miwa amekua akisikia mambo ambayo sisi wengine huyasoma magazetini. Anajua kwamba mlima hauui. Ukizidiwa mlimani, injini inanguruma, inachoka, unasimama. Mauti hukaa upande wa pili, pale mzigo unapoacha kuvutwa na kuanza kusukuma.

Huenda wewe umejiuliza kama Vitz italivuta. Italivuta. Hata injini ndogo huvuta mzigo mkubwa ukienda polepole. Swali ni kama italisimamisha. Gari lako lina uzito wa karibu kilo 1,000, na breki zake zilitengenezwa kwa ajili yake na waliomo. Ukifunga nyuma yake trela lisilo na breki zake lenyewe, magurudumu manne ya gari yanafanya kazi ya sita. Uingereza, sheria husema trela la namna hiyo, likiwa na mzigo wake, lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta, na kamwe lisivuke kilo 750. Kwa Vitz hiyo ni kilo 500, na hapo tunazungumzia barabara nzuri.

Wewe utakuwa na mke, watoto 2, mabegi, na murram iliyonyeshewa. Mimi nakupa 350, kila kitu kikiwa ndani, hadi kijiko. Kabla ya hapo fungua kitabu cha gari lako. Kikisema chini ya hapo, fuata kitabu. Kikisema gari lisivute chochote, tutakuwa tumemaliza mazungumzo na hutakuwa umepoteza hata shilingi.

Kuhusu Nakuru, nisikilize vizuri. Kutoka Eldoret utapanda hadi Timboroa, kisha utashuka kuelekea Salgaa. Mteremko ule umewashinda madereva wa malori waliofanya kazi hiyo maisha yao yote. Usilipeleke trela lako huko. Panda basi, au nendeni na gari tupu mkalale kwenye hema.

Hesabu kilo kabla ya shilingi

Tangu kiwanda cha Mumias kianze kusaga miwa mwaka 1973, mafundi wa pande zetu wameunganisha na kuziba matrela yasiyohesabika. Wanajua chuma. Ila fundi aliyezoea kubeba tani akiambiwa “trela”, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye chuma kizito. Simlaumu. Lakini futi 10 kwa 6 zenye vyuma vya pembe, mabati, vitanda 4 na jikoni zitapita kilo 350 kabla hujapakia blanketi.

Ekseli ya pikapu nayo ni tatizo maradufu. Kwanza ina difu, chuma kingi kisichokufanyia kazi yoyote. Pili, springi zake zilipangwa kubeba mzigo wa shamba. Ukiziwekea kibanda chepesi hazinyumbuki. Trela litaruka kila shimo, na kila mruko unatafuna beringi na kulegeza maunganisho. Usidanganywe na mikokoteni unayoiona sokoni ikitembea kwa ekseli za magari. Mkokoteni huenda kwa mwendo wa mtu au punda.

Mwambie fundi atafute ekseli ya nyuma ya gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, ije na springi zake. Akipata yenye rimu za nati 4 zinazoingiliana na za Vitz yako, tairi moja la akiba litahudumia gari na trela.

Sasa hesabu nami. Fremu ya bomba la mraba la milimita 40, unene wa milimita 3, mita 16 hivi: karibu kilo 55. Ekseli, springi na magurudumu: tuseme 90. Plaiwudi ya milimita 12 ya sakafu ni kilo 21 hivi. Mbili za milimita 9 za ubavuni ni 32. Mbili za milimita 6 za paa na nyuma ni 22. Godoro, mlango, taa, rangi na kichwa cha kuvutia: 40. Umefika 260. Ongeza mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ukijaa hupita kilo 12, jerikeni ya maji ya lita 20 ambayo ni kilo 20, chakula na mabegi. Umefika 340 na hujafanya anasa yoyote.

Futi 4 kwa 8 wanalala watu wazima wawili. Watoto watalala kwenye hema ubavuni, au wao ndani na ninyi nje. Hilo litakuuma kwa sababu ulitaka wote 4 chini ya paa moja. Najua. Lakini ukiongeza upana umeongeza chuma, na ukiongeza chuma umemrudisha mkeo kwenye swali lake.

Likikamilika, lipeleke kwenye mizani ya miwa ulipime likiwa limepakiwa. Kisha tafuta mnunuzi wa mahindi mwenye mizani ya kuning’iniza, ining’inize ile pua ya trela inayoshika gari. Isome kilo 35 hadi 45, nawe hakikisha gari lako linaruhusu uzito huo mkiani. Pua ikiwa nyepesi kuliko hapo, mzigo umekaa nyuma mno, na trela litaanza kuyumba kushoto na kulia ukiongeza mwendo. Likiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, uliache lipungue lenyewe.

Mahali pa kutobana pesa

Banda unaweza kulijenga kwa mabaki. Mapazia atashona mama. Lakini kuna vitu ambavyo ukivipunguzia bei, watoto ndio watakaolipa tofauti.

Cha kwanza ni chuma cha kuvutia nyuma ya gari. Vitz haina fremu ya chini kama pikapu, kwa hiyo chuma hicho kifungwe kwa boliti kwenye mihimili ya chini ya gari, kwa bamba linalotawanya nguvu. Kikichomelewa kwenye bampa au sakafu ya buti kitang’oka, na kitang’oka ukiwa barabarani, sababu uani hakuna kinachokivuta. Tumia kichwa cha duara cha milimita 50, na kikombe cha trela kiwe cha kipimo hicho hicho. Chini yake pitisha minyororo miwili iliyopishana, ili kikombe kikifunguka pua iangukie minyororo badala ya lami.

Kisha taa. Wewe ni mtu wa Matungu, sihitaji kukueleza trela la miwa lisilo na taa linavyoonekana usiku, au niseme lisivyoonekana. Umeshawahi kushtukia matawi yaliyotupwa barabarani na ukajua mbele kuna chombo kimeharibika. Trela lako liwe na taa nyekundu za nyuma, za breki, za kugeukia, na mikanda inayoakisi mwanga nyuma na ubavuni. Zijaribu kila mnapoondoka, mmoja akikanyaga breki, mwingine akiangalia nyuma. Na usiku msisafiri nalo kabisa.

Beringi ziwe mpya, zijazwe grisi. Baada ya kilomita 50 za kwanza simama ukaze nati tena, uguse kitovu cha gurudumu: kikikuchoma mkono, safari imeishia hapo.

Pumzi za usiku

Hapa sitakubembeleza, W.M. Jiko la makaa lisiingie ndani ya kibanda hicho. Lisiingie likiwaka, lisiingie likififia, lisiingie kwa sababu watoto wanahisi baridi ya msitu. Kibanda cha futi 4 kwa 8 chenye kimo cha futi 4 hakina hata mita 4 za ujazo za hewa, na hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Wanaolala nayo hawaamki kulalamika. Mkisikia baridi ongezeni blanketi.

Weka matundu mawili ya hewa yanayotazamana ambayo hayafungiki kabisa. Mlango ufunguke kutoka ndani, na upande wa pili kuwe na dirisha ambalo mtu anaweza kutokea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujikusanya sakafuni mnapolala. Kwa hiyo pikeni nje, na mtungi usafiri na kulala nje ya chumba.

Karatasi

Trela ni chombo cha barabarani na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inalihusu. Lazima lisajiliwe, lipate namba yake, kati ya zile zinazoanza na herufi Z. Kabla fundi hajakata bomba la kwanza, nenda Huduma Centre ya Kakamega uulize mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, wanataka nini kwa trela lililojengwa na fundi, watalikaguaje, na kama leseni yako inatosha. Ukienda baada ya kujenga, unaweza kuambiwa kitu ambacho hakirekebishiki bila kubomoa. Mwarifu pia kampuni yako ya bima kwa maandishi. Bima ya kumlinda mtu mwingine ni ya lazima chini ya Sura ya 405, na kampuni ambayo haikujua unavuta trela ina njia rahisi ya kukuacha peke yako siku ya ajali.

Pesa za chama, na pa kuanzia

Shilingi 95,000 kati ya 110,000 ni nyingi mno kwa kitu ambacho bado mnakigombania. Januari inakuja na ada na sare. Toa hizo kwanza, muone pamoja kilichobaki, wewe na mama watoto mezani, siyo wewe na fundi karakanani. Ukimpa fundi malipo ya awali kwa siri, hata trela likitoka zuri, mkeo atalipanda akiwa amenuna, na watoto watajua.

Halafu jenga kwa awamu. Awamu ya kwanza ni fremu tupu yenye magurudumu, taa na minyororo. Ipakie magunia ya mchanga hadi jumla ifike kilo 350, tafuta barabara isiyo na watu yenye mteremko, mkeo akae kiti cha mbele, watoto wabaki kwa bibi yao. Shuka polepole, ukamate breki. Rudia kwa mwendo kidogo zaidi. Yeye ndiye atakayesema kama limesukuma. Akisema limesukuma, punguza mchanga mpaka aseme basi, na huo ndio uzito wa trela lenu, hata kama michoro inasema vingine. Akikataa kabisa hapo, fremu hiyo bado ni mali: ikishasajiliwa itabeba mahindi na simenti, au utaiuza.

Huku ukisubiri, azima hema uwapeleke Buyangu, upande wa msitu wa Kakamega unaosimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, kambi ya Udo’s. Laleni usiku mmoja. Utajua kama familia yako inapenda kulala nje au wewe peke yako ndiye unayependa. Wapo akina baba waliojenga kabla ya kujua hilo. Watoto wakiamka na mbega juu ya miti na wakataka kurudi, hapo una sababu ya kumwita fundi.

Safari ya kwanza na trela iwe ya Desemba. Aprili mvua itawakwamisha kwenye tope la Koyonzo kabla hamjafika lami, na Agosti bado kunanyesha mchana. Mkishalipima kwenye mizani ya miwa, niandikie kilo zake kabla hujalipaka rangi.